Usipime sekunde kabla hujajua kurasa zimekaa nodi ipi

Mkuu, simamisha hilo jaribio kabla ripoti haijafika kwa bosi wako hapo Chumbageni. Programu yako inaomba gigabaiti 8 za memori kwa malloc, main (sehemu inayoanza kuendeshwa) inazijaza zote kwa memset, ndipo inaanzisha thredi 16, yaani kazi 16 zinazokwenda sambamba, kwenye prosesa mbili. Kila prosesa ina memori ya upande wake, na upande huo ndio nodi. Interleave, yaani kugawa kurasa (vipande vidogo vya memori) kwa zamu kwenye nodi zote, ikatoka na sekunde chache kuliko sera ya kawaida ya Linux ya kupanga memori, nawe unataka seva zote ziwekewe interleave. Hujapima sera hapo. Umepima nani aliigusa memori kwanza.

malloc ya ukubwa huo inakupa anwani tu. Ni barua ya ofa ya kiwanja Pongwe: jina lako limo, msingi haujachimbwa. Kernali, kiini cha Linux, huchagua nodi pale ukurasa unapoandikwa mara ya kwanza, na kwa sera ya kawaida huchagua nodi ya prosesa inayoandika wakati huo, maadamu ina nafasi. Kwako main ndiyo iliyoandika kila kitu, basi gigabaiti zote zimelundikana nodi moja. Nusu ya thredi zinavuka kwenda soketi (prosesa) ya pili kila zinaposoma, na zote 16 zinagombea chaneli za memori za upande mmoja. Interleave ingekosaje kuonekana bora?

Funga kila thredi kwenye prosesa yake, kisha yenyewe ijaze kipande itakachokifanyia kazi: baiti moja isiyo sifuri kila baiti 4096. Kusoma tu hakutoshi. Ukurasa ambao haujaandikwa ukisomwa, kernali inauelekeza kwenye ukurasa mmoja wa sifuri unaotumiwa na wote, na utapima kashe, memori ndogo ya ndani ya prosesa, ukidhani ni memori kuu. Wewe umejaza 1, hapo umeokoka. Ungejaza sifuri, kompaila ya GCC kwa -O2 inaweza kuunganisha malloc na memset ziwe calloc, inayoomba memori ya sifuri, isiguse kitu.

Wanaoniudhi ni hao wa kwenye video wanaofundisha kwamba ukiandika numactl --interleave=all (numactl ni amri ya kuchagua nodi) kazi imekwisha. Wanaonyesha muda wa mwisho, /proc, ambako kernali huonyesha hali ya programu, hawaifungui hata mara moja! Mtu kanunua seva kwa jasho lake, halafu anabebeshwa jibu la uongo aende kulitetea kazini.

Programu ikiwa bado inaendelea, fungua /proc/PID/numa_maps (PID ni namba ya programu) na utafute mstari wa kile kipande kikubwa. Gigabaiti 8 ni kurasa 2,097,152 za kilobaiti 4. Interleave ya kweli kwa nodi mbili itaonyesha N0 na N1, yaani idadi ya kurasa kwenye nodi 0 na nodi 1, zikikaribia 1,048,576 kila moja. Zikiwa vingine, tupa sekunde zako. Zima kwanza kurasa kubwa za kujiendesha, yaani transparent_hugepage iwe never, la sivyo mgao utakwenda kwa vipande vya megabaiti 2. Weka pia kernel.numa_balancing=0, maana kernali huhamisha kurasa katikati ya jaribio bila kukuuliza. Kama unasoma faili, kabla ya kila mzunguko piga sync kisha andika 3 kwenye /proc/sys/vm/drop_caches. Kashe ya faili, nakala za faili ambazo Linux huweka kwenye memori, hubaki kwenye nodi iliyoisoma mwanzo hata ukibadili membind, chaguo la numactl la nodi ya memori.

Ukitaka kujua gharama ya kuvuka, linganisha --cpunodebind=0 --membind=0 na --cpunodebind=0 --membind=1: prosesa ni ile ile ya nodi 0, memori ndiyo inayohama. Angalia nafasi ya kila nodi kwa numactl --hardware kabla, kwa sababu membind haivuki: nodi ikijaa, programu itaingia swapu (akiba ya memori kwenye diski) au itauawa, ilhali nodi ya pili iko tupu. --preferred ndiyo inayovuka.

Kuhusu RAM, uliyouliza uipange vipi, gawa vijiti sawa kwa soketi zote mbili. Na numactl --hardware ikionyesha nodi moja tu, ingia BIOS uzime Node Interleaving, maana hiyo huzificha nodi.

Rudia, kisha weka hapa ule mstari wa N0 na N1. Sekunde tutaziangalia baadaye.