Kuhesabu koloni peke yake haitoshi

Umeuliza kama ukihesabu koloni (vishada vya bakteria) vinavyoota kwenye sahani za aga, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, utajua udongo wa dampo kama la Dandora, Nairobi, bado una uhai. Hapana aisee, bakteria wengi wa udongo hawakubali kuota maabara, utasema dampo limekufa na kumbe liko hai kabisa.

Mi ningeanza na klorofomu: chekecha udongo kwa chekecheo la milimita 2, gawa mara mbili, nusu moja fukiza kwa mvuke wa klorofomu masaa 24 vijidudu vipasuke, halafu nusu zote mbili toa kaboni kwa maji ya chumvi ya potasiamu salfeti ya 0.5 M (moli 0.5 kwa lita), ile tofauti ya kaboni kati ya nusu hizo gawanya kwa 0.45 unapata kaboni iliyokuwa ndani ya vijidudu. Ila usipime siku hiyohiyo tingatinga limefukua, maana udongo wa chini ulizoea kukosa oksijeni, ukipigwa hewa ghafla upumuaji wa vijidudu, yaani kabondayoksaidi wanayotoa, unaruka juu siku kadhaa ndo unashuka, kwa hiyo uache kwanza siku 7 hadi 10 kwenye nyuzi 25 ukiwa na unyevu wa wastani.

Na jivu jamani, hapa wengi wanakosea! Dampo linaungua kila mara, jivu lake ni alkali na linanyonya kabondayoksaidi, basi ukipima upumuaji kwenye chupa iliyofungwa namba inatoka ndogo kuliko ukweli. Weka pembeni chupa ya udongo uleule uliochemshwa kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu) ulinganishe. Na sampuli chukua sehemu nyingi, hatua mbili tu udongo wa dampo ushabadilika.