Usaha pua moja: usikimbilie kisu

Pole dada wa Njiro hapa Arusha, uliyeuliza kuhusu mbwa wako ambaye dokta wa mifugo anataka kumpasua pua. Mbwa kutoka usaha wenye damu tundu moja tu la pua sio mafua, ila kabla hujakubali apasuliwe muulize dokta ameona nini humo ndani, maana kufungua mfupa wa pua bila picha ya eksirei ni kubahatisha tu. Aanze na kupima damu, kupe wa huku kwetu wanaleta ugonjwa unaotoa damu puani kabisa. Halafu amchungulie mdomo, jino la juu likioza mzizi usaha unapandia puani, linang'olewa na mara nyingi yanaisha. Kama ni fangasi kisu peke yake hakitoshi, dawa ya fangasi iitwayo klotrimazoli inawekwa mlemle puani akiwa kwenye nusukaputi. Eksirei ikikosekana Arusha ulizia SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, mbali kweli lakini ndo hivyo.