Kurudia lego ukubwani: anza na vipande, boksi lisubiri

Mkuu mleta mada nimesoma uzi wako mpaka mwisho. Una 26, una kazi, ulikuwa unajenga lego ukiwa mdogo, vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha, na sasa hamu imerudi, umecheki bei za yale maboksi makubwa ukakuta moja linapita kodi ya geto, na shemeji yetu anakucheka. Unauliza kama ni utoto na kama sio, uanzie wapi.

La utoto nalipita haraka maana halina nyama. Hao jamaa wa Denmark wanaotengeneza lego wenyewe tangu 2020 wanatoa maboksi meusi yameandikwa 18+, na 2021 wakaleta maua ya vitofali ya kuweka kwenye chombo cha maua mezani, maua jamani, mtoto wa miaka sita gani analilia maua. Na huko nje kile kipindi mtu anaacha akiwa kijana mpaka siku anarudi wana jina lake kabisa, wanakiita enzi za giza, yaani ni kitu kimezoeleka mpaka kimepewa jina. Shemeji mwambie kuna wanaume hela hiyohiyo inaishia kwenye mikeka ya kubeti kila wikiendi na hawabaki hata na kitofali kimoja mkononi.

La pili ndo lenye kazi. Mimi nimerudi nikiwa na umri kama wako na naishi Dar, kwa hiyo haya ni ya mtu ambaye hana duka la lego mtaani kwake wala hela ya kuchezea. Ushauri wangu usianze na boksi. Najua ndo unalolitaka, lile ulilokuwa unaliona kwenye katalogi au kwenye tivii ukajiapiza ukipata hela utanunua. Liache kwanza.

Sababu ni hii. Mama mkubwa wangu alikuwa anafanya kazi kwa familia moja ya wazungu Masaki, walipohama wakamwachia vitu kibao na kati ya hivyo kulikuwa na ndoo ya lego, haina boksi haina karatasi ya maelekezo, vipande vya seti hata sijui ngapi vimechanganyika. Sisi wala hatukujua kama kuna kitabu cha kufuata! Tulikuwa tunamwaga kwenye mkeka, mmoja anajenga fuso, mwingine nyumba ya ghorofa ambayo haina ngazi, tunagombania magurudumu mpaka mtu analia. Sasa boksi la watu wazima linakuja na mifuko ina namba, unafungua wa kwanza unafuata picha, wa pili unafuata picha, ukimaliza unaweka juu ya kabati na vumbi linaanza kazi yake. Ni raha sikatai, nimeshakaa na rafiki yangu tukajenga moja usiku kucha. Ila kwa mtu aliyekulia kwenye ndoo hamu inayomrudia ni ya kutafuta kipande, kukikosa, kisha kubuni njia nyingine, na hiyo kwenye boksi haimo kwa sababu kila kipande kipo. Kama wewe utotoni ulikuwa wa boksi na kitabu basi hii haikuhusu sana, nunua boksi dogo ufurahi.

Na vipande vingi huhitaji. Kuna hesabu maarufu, matofali sita tu ya vinundu nane (vile vichwa vya juu vinavyoshika tofali jingine) ya rangi moja yanaweza kuunganika kwa njia 915,103,765. Sita tu hayo.

Sasa unapata wapi. Mitumba mkuu. Wale wauza midoli ya mitumba Ilala na Kariakoo wanamwaga chini, kwenye lile rundo kuna madoli hayana kichwa, vigari, puzzle zisizokamilika na humo ndani kuna lego. Wengi wanauza kwa fungu. Usianze kuokota kimojakimoja mbele yake huku umekunja sura kama fundi saa, akishaona unajua unachotafuta bei imepanda hapohapo. Nunua fungu zima na takataka zake, ukachambulie nyumbani.

Kwenye kuchambua kitu cha kwanza angalia juu ya kile kinundu. Lego halisi kila kinundu kina jina LEGO limeandikwa kwa kuinuka, hata kipande kidogo kuliko vyote. Kisichokuwa na jina ni cha kampuni nyingine, na hapa watu wanakosea wanadhani vyote hivyo ni feki vya magendo. Hapana. Hati ya kumiliki ubunifu wa tofali lenyewe iliombwa Januari 28, 1958 na ilishakufa zamani, na 2010 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikawakatalia Lego kulisajili umbo la tofali kama alama ya biashara, kwa hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kutengeneza tofali linaloungana na la kwao. Kinachokatazwa ni kunakili seti zao na nembo. Vya kampuni nyingine mimi navitunza, naviweka ndani kwenye sehemu isiyoonekana, ila vingine vinashika sana mpaka unatumia meno na vingine vinalegea, kujengea ukuta wa nje na hivyo ni kujitafutia hasira.

Kitu kingine kinanipa raha kwenye rundo la mitumba ni kwamba umri haujalishi. Tofali la 1958 linakaa juu ya tofali la mwaka huu bila shida. Utakutana na rangi mbili za kijivu zinazokaribiana, moja ina ujotojoto kidogo na nyingine inaelekea bluu, hiyo ya kwanza ni ya zamani, walibadilisha kwenye mwaka 2004, kwa hiyo ukijenga ukuta wa kijivu angalia mwangani kwanza usije ukapata mabaka. Kahawia iliyokoza kuwa nayo makini, ile inajulikana dunia nzima kwa kupasuka, unaibandua kwa kucha inakatika. Na ukipata yale makubwa ya watoto wadogo, Duplo, usitupe, vipimo vyake ni mara mbili ya vya kawaida na tofali la kawaida linakaa juu yake vizuri tu, nayatumia kujaza chini nikijenga kilima.

Kuosha: chukua ule mfuko wa neti wa vitunguu, weka vipande, funga, suuza kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Maji yasizidi nyuzi 40, plastiki ya ABS ikipata maji ya moto inapinda na haishiki tena. Vyenye stika au mota usitumbukize. Kausha kivulini mbele ya feni, jua ndo linazifanya nyeupe ziwe njano. Kuna watu wanazirudisha weupe kwa peroksaidi ya famasi, inafanya kazi ila unjano huwa unarudi, mimi nimeacha, njano ya zamani naiita rangi ya vumbi la Dodoma na naitumia hivyohivyo.

Kupanga pangia umbo, usipangie rangi. Kila mtu anaanza na rangi kwa sababu inapendeza machoni, halafu unakaa nusu saa unatafuta kijipande chekundu kwenye kopo la vyekundu. Ukipanga kwa umbo jicho linadaka rangi lenyewe. Makopo ya Blueband na ya aiskrimu yanatosha, hayo masanduku ya droo wanayoonesha Youtube sio lazima.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo mimi ndo imenishika kweli, maana hii utotoni sikuwa nayo. Vipimo. Kinundu kwa kinundu ni milimita 8. Tofali la kawaida kwenda juu ni 9.6, kile kibapa chembamba ni 3.2, ina maana vibapa vitatu ni tofali moja, hiyo hata mtoto anaijua kwa vidole. Ila vibapa vitano vikipandana ni milimita 16, na vinundu viwili ubavuni ni milimita 16. Unaona? Ukiulaza ule mrundiko wa vitano ubavu unaingia kwenye nafasi ya vinundu viwili kamili bila mwanya. Hapo ndo mchezo wote wa wakubwa ulipo, kujenga kwa kulaza.

Mfano naujenga saa hizi, daladala Coaster. Upana vinundu saba, urefu ishirini na mbili, ukilinganisha na gari lenyewe inakuja karibu sehemu moja ya arobaini. Tatizo lilikuwa madirisha. Zile nguzo za katikati ya vioo kwenye Coaster ni nyembamba, ukizijenga kwa kusimamisha tofali inatoka nguzo ya milimita 8, gari linakuwa kama banda la kuku. Nikaulaza mstari mzima: kibapa cheupe kimoja, vinne vya kioo, cheupe, vinne vya kioo, hivyo hivyo mpaka mbele. Nguzo zikawa 3.2 tu na kila dirisha pamoja na nguzo yake likaangukia kwenye vinundu viwili. Kwa kuwa ni vibapa vya vinundu viwili, kimo cha dirisha nacho ni 16, sawa na tofali moja na vibapa viwili, kwa hiyo paa likakaa juu yake bila kuchonga chochote. Nyuma umeshikwa na tofali lenye kinundu ubavuni, mbele nimemalizia na kile kibapa kisicho na vinundu. Siku ule mstari ulipoingia nilimpigia simu dada yangu saa tano usiku, akaniuliza kama nimefiwa. (Vya kioo havikunitosha upande wa pili nikaweka vyeusi, tuseme ni tinti.)

Ukikwama kwa kukosa vipande jenga kwenye laptop. Kuna programu ya bure inaitwa Studio, ni ya BrickLink, lile soko la vipande vya mitumba la mtandaoni lililoanza 2000 na Lego wenyewe wakalinunua 2019. Humo vipande haviishi, unajaribu kwanza halafu unajua unahitaji nini hasa. Kununua kule kuna utamu na uchungu, kipande chenyewe ni senti, usafiri ndo unakuua, kwa hiyo mimi nakusanya orodha na nasubiri ndugu anayerudi kutoka ng'ambo, unampa mfuko mdogo hata haulemei begi lake. Na kama bado moyo unataka kufuata kitabu, Lego wameweka maelekezo ya seti zao kuanzia 1996 bure kwenye tovuti yao, tafuta lile boksi la ndoto zako, pakua, ujenge kwa rangi ulizonazo. Litatoka la madoadoa.

Kwenye suala la shemeji, mpe kazi ya kuchambua. Sitanii. Mimi mama yangu alianza na "mwanangu hela ya kodi umeshalipa?", sasa hivi akija anakaa kwenye kochi anatenganisha vibapa na matofali huku anaangalia tamthilia na anagoma kuondoka kabla kopo halijajaa. Wapwa zangu ndo wa kuwa nao macho, wa chini ya miaka mitatu funga mlango kabisa, vile vidogo vinaenda mdomoni sekunde tu.

Halafu mkuu hujasema kama ile ya utotoni bado ipo kwenu au iligawiwa. Kaulize kabla hujanunua chochote, ya kwetu ilisambaa nilipoenda bodingi lakini nusu yake niliikuta kwa mama mkubwa kwenye dumu la kukata, juu ya kabati la vyombo. Na kama ukikuta magurudumu madogo yale ya lori, yenye raba bado haijapasuka, nicheki pm. Coaster yangu ina matairi matatu.