Homa ipo, malaria hakuna, HIV hakuna: usimwache aende hivi hivi

Muuguzi kijana wa zahanati moja ya mashinani ameniandikia wiki hii: "Dada, mgonjwa ana homa na koo lamuuma. Malaria hasi, HIV hasi. Nimpe antibayotiki aende zake?"

La, mdogo wangu. Keti naye kwanza.

Katika kazi yangu yote hapa Pwani, kisa ninachojivunia zaidi ni cha kijana mmoja wa bodaboda. Homa, uchovu, tezi za shingo zimevimba, vipele kifuani. Malaria hasi. Kipimo cha HIV cha kutoboa kidole, hasi. Foleni ilikuwa ndefu, lakini nilimvuta kando nikamuuliza habari za wiki zile. Akanieleza: mpenzi mpya, na kondomu hawakutumia.

Kipimo cha kidole hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na virusi, nazo huchukua wiki kadhaa, pengine hadi miezi 3, kuonekana. Homa ya maambukizi mapya ya HIV huwahi zaidi, kama wiki 2 hadi 4. Siku hizo virusi vimejaa damuni, mtu anaambukiza kwa wepesi mno, na mkononi ana majibu hasi.

Nikaomba damu yake ipelekwe penye mashine ya GeneXpert, ile ile ya kifua kikuu. Ukiitia katriji ya HIV, kile kikasha kidogo cha kipimo, hutafuta virusi vyenyewe. Mkubwa wangu alinifokea mbele za watu kwamba napoteza katriji. Maneno yale bado yananichoma. Majibu yakarudi: virusi vipo. Kijana akaanza dawa, na mpenziwe akaja kupimwa.

Watafiti wa Kilifi wameifuatilia homa hii miaka mingi. Dalili wanazotutaka tuzitazame kwa vijana wa miaka 18 hadi 29 ni homa, uchovu, mwili kuuma, kuhara, koo kuuma na vidonda sehemu za siri. Zikikutana kwa mtu mmoja, shuku.

Basi uliza, na uulize tena kwa upole. Mashine ikiwa mbali, mpe kondomu na tarehe ya kurudi kupimwa upya, uchukue na namba ya simu. Akitaja ngono bila kondomu ambayo haijapita saa 72, PEP, yaani dawa za kuzuia HIV isishike baada ya tukio kama hilo, ianze leo, siku 28. Na daftarini usiandike malaria eti kwa kuwa umekosa la kuandika.