Tukikaguana msimbo tunagombana. Tuache?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Tuko wanne, ofisi yetu ipo Chumbageni, Tanga. Tunatengeneza mfumo wa kupokea maziwa na kuwalipa wafugaji. Tangu tuanze kukaguana msimbo, yaani kila mmoja kusoma maagizo ya programu aliyoandika mwenzake kabla ya kuyapitisha, wenzangu wawili hawasemezani. Siku hizi kila mtu anapitisha kazi ya mwenzake bila kuisoma, mradi amani iwepo. Je, tuache ukaguzi?

JIBU: Ndugu yangu, msiache. Ugomvi haunitii hofu kama huko kupitisha bila kusoma. Mfumo wenu unashika riziki ya watu. Programu ikikata desimali, lita 7.5 za mfugaji wa Muheza zitaandikwa 7, na atapunjwa nusu lita kila asubuhi bila yeyote kukusudia. Aliyeliona kosa hilo akanyamaza ili asimuudhi mwenzake, amani yake inalipiwa na mfugaji.

Mwaka 2000, Tony Simons na Randall Peterson walichapisha utafiti kuhusu timu 70 za viongozi wa juu wa makampuni. Waliona kuwa pasipo na kuaminiana, ubishi wa kazi hugeuka upesi kuwa uhasama wa watu. Wanaoaminiana hubishana na kazi ikaendelea. Ndivyo ilivyo kwenye msimbo. “Kwa nini umetumia njia hii?” kwa anayekuamini ni swali, kwa anayekushuku ni shutuma. Na maandishi hayana sauti wala uso wa kumtuliza mtu.

Basi anza na wewe uliyeniandikia: toa msimbo wako ukaguliwe kwanza, na ukikosolewa kwa haki, rekebisha na ushukuru mbele ya wote. Mambo ya mwonekano wa msimbo, kama nafasi tupu na mabano, iachieni programu ya kupanga msimbo. Hayo ndiyo yanayochokoza watu bure. Kila maoni yaseme kama ni kosa la lazima kurekebishwa au ni pendekezo tu, na yataje sababu: “hapa desimali itapotea” inatosha. Leteni mabadiliko madogo madogo, maana mistari elfu moja haisomwi, inapitishwa. Mkijibizana kwa maandishi mara mbili bila kuelewana, kaeni mbele ya kompyuta moja mmalizane kwa mdomo, kisha andikeni mlichoamua na sababu yake.

Hao wawili zungumza nao kwanza faraghani, mmoja mmoja. Mara nyingi kinyongo kina chanzo nje ya msimbo: malipo, au kazi ya mtu kutajwa kwa jina la mwingine. Kama ni hilo, ukaguzi hautalitibu; lishughulikieni lenyewe.