Tatuu, Valvu za Moyo na Homa Mnayoiita Malaria

Tangu nigusie suala la tatuu kwa wagonjwa wa moyo, maswali hayajakoma. Mengi yanafanana, na mengi hayajibiki kwa sababu mtu anaandika "nina tatizo la moyo" kisha anaishia hapo. Leo nimechagua yenye maelezo ya kutosha, na machache ambayo siwezi kuyaacha yapite kimya.

Shikamoo Dokta. Nina miaka 24, naishi Mwanza. Nikiwa shule ya msingi niliambiwa valvu moja ya moyo wangu imeharibika kwa sababu ya mafindofindo. Nachoma sindano ya penisilini kila mwezi na sasa sijambo. Mama alifariki mwaka jana, nataka kuchora jina lake mkononi, dogo tu. Kuna ubaya?

Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba. Ubaya upo. Nakushauri usichore, hata kama ni herufi nne.

Mashine ya tatuu inatoboa ngozi mara maelfu, na ngozi ya kila mtu ina bakteria, hata ya aliyetoka kuoga sasa hivi. Wakiingia kwenye damu ya mtu mwenye valvu nzima (vile vilango vya kupitishia damu ndani ya moyo), kinga ya mwili kwa kawaida huwamaliza bila mwenyewe kujua. Valvu yako ina makovu. Damu inapita pale kwa msukosuko, mabonge madogo madogo yanajishikiza, na humo bakteria wanapata pa kukaa. Wanazaliana, wanaila valvu, na uchafu wao ukimeguka unasafiri hadi kwenye ubongo. Hivyo ndivyo msichana wa miaka 24 anavyopata kiharusi. Matibabu yake ni dawa za mshipani kwa wiki 4 hadi 6, na wapo wanaoishia kupasuliwa ili wabadilishiwe valvu.

Hili ni jambo la nadra. Wapo wenye valvu mbovu waliochora na hawakupata neno. Lakini unapima uwezekano mdogo wa kuumwa dhidi ya ugonjwa unaoua, kwa kitu ambacho mwili wako haukihitaji. Madaktari wa moyo wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2023, wanasema wagonjwa walio kwenye hatari ya maambukizi haya washauriwe kuachana na tatuu na kutoboa mwili. Nakubaliana nao, na hapa kwetu, ambako kuotesha damu maabara ili bakteria waliomo waonekane bado ni shida katika hospitali nyingi za wilaya, nina sababu zaidi ya kukubaliana nao.

Usijipe moyo kwa sindano ya kila mwezi. Ile inamzuia bakteria wa kooni asirudi kukuharibia valvu zaidi. Stafilokokasi wa ngozini ni mwingine, na kwa sehemu kubwa penisilini haimtishi tena. Hata hivyo endelea kuchoma bila kuruka mwezi. Nimeona vijana wengi wakiacha kwa sababu "wamepona".

Na je, fizi zako zinatoka damu ukipiga mswaki? Hujauliza, lakini huo ni mlango wa bakteria unaofunguka kila asubuhi, na hakuna anayeniandikia kuuhusu. Nenda kwa daktari wa meno, mwambie una valvu mbovu kabla hajagusa chochote. Jina la mama lichongeshe kwenye kidani, ulivae.

Dokta mimi nina moyo. Nichore au nisichore?

Moyo gani? Presha? Tundu? Valvu? Mapigo yanayokosa mpangilio? Mshipa ulioziba? Kila kimoja kina jibu lake, na nimeshaandika hivi mara nyingi mno. Fungua daftari lako la kliniki uone majibu ya eko, kile kipimo cha picha ya moyo, yanasema nini. Mwandiko ukikushinda, rudi kwa aliyekupima akutajie ugonjwa wako kwa jina. Siku utakapopelekwa hospitali usiku ukiwa hujiwezi, ndugu zako wataulizwa swali hilihili, na "ana moyo" haitamsaidia daktari wa zamu.

Niliwekewa valvu ya chuma, natumia warfarin. Mchoraji anasema niiache siku tano kabla ya kuchora ili damu isitoke sana. Ni sawa?

Si sawa, na nakuomba usimsikilize. Warfarin ndiyo inayozuia damu isigande kwenye chuma hicho. Ukiiacha, bonge linaweza kuizuia valvu isifunguke, au likaenda kwenye ubongo. Kuna upasuaji ambao madaktari husimamisha warfarin kwa muda, kwa mpango, kwa vipimo, na mara nyingine kwa kuweka sindano nyingine mahali pake. Tatuu si sababu ya kufanya hivyo. Isitoshe valvu bandia inakuweka kwenye kundi la hatari kubwa kabisa ya yale niliyomweleza dada wa Mwanza. Jibu lako ni hapana mara mbili.

Mchoraji naye nimwambie kitu, kama anasoma hapa: mteja akikutajia dawa ya kuzuia damu kuganda, mrudishe kwa daktari wake. Kumwachisha mtu dawa si kazi yako.

Nina presha, inadhibitiwa na dawa. Je, mimi?

Presha peke yake haiiti bakteria kwenye moyo. Kunywa dawa zako siku hiyo kama kawaida, na kama umewekewa chuma cha kuzibulia mshipa ukapewa dawa za kulainisha damu, zungumza na daktari wako kwanza.

Nikinywa amoksilini siku moja kabla, si nitakuwa nimejikinga?

Hili limeulizwa na watu wengi kuliko mengine yote, na linaonyesha tulivyozoea kununua dawa dukani kama sukari.

Utaratibu wa kunywa dozi moja ya antibiotiki kabla ya tendo upo, lakini ni wa wagonjwa wachache: wenye valvu bandia, waliowahi kupata maambukizi haya, na baadhi ya waliozaliwa na kasoro kubwa za moyo. Nao huipata kabla ya kazi fulani za meno. Tangu 2007 madaktari wa moyo wa Marekani walipunguza matumizi yake yakabaki kwa hao. Kwa tatuu hakuna ushahidi kwamba inasaidia. Fikiria mwenyewe: dozi ile inakaa kwenye damu saa chache, kidonda cha tatuu kinachukua wiki mbili au zaidi kufunga. Siku zote hizo unalala kwenye shuka, unapanda daladala, unajikuna.

Tena hatari haiko kwenye sindano pekee. Mwaka 2011 huko Rochester, New York, watu 19 walipata maambukizi ya ngozi kutokana na wino wa kijivu uliokuwa na bakteria tangu ulikochanganywa. Bakteria yule hatibiki kwa amoksilini. Sindano mpya iliyofunguliwa mbele ya macho yako haisafishi wino uliokwisha chafuka, wala ule uliozimuliwa kwa maji ya bomba.

Kaka yangu ana tundu kwenye moyo ambalo halijazibwa. Alichora tatuu wiki tano zilizopita. Ana homa inayokuja na kuondoka, anatoka jasho usiku, amekonda. Malaria hamna. Duka la dawa wakasema ni taifodi na UTI, wamempa vidonge, anapata nafuu kisha homa inarudi.

Huyu nimemjibu pembeni siku ileile, na nilimwambia ampeleke kaka hospitali kubwa usiku huohuo. Naweka swali hapa kwa sababu ndilo ninalotaka mlikumbuke hata mkisahau mengine yote.

Kwa mtu mwenye valvu mbovu, tundu au valvu bandia, homa isiyoeleweka ni ya moyo mpaka vipimo viseme vingine. Haijalishi alichora tatuu, alichanjwa chale, aling'olewa jino au hakufanya lolote. Kinachowaua watu wetu ni wiki zinazopotea baada ya kuchora. Mgonjwa anapewa dawa mseto ya malaria bila kupimwa. Haisaidii. Anapimwa taifodi kwa kile kipimo cha damu cha dakika chache, ambacho humpa jibu la "ipo" hata asiye nayo, anameza vidonge siku tano. Homa inashuka kwa sababu bakteria wamepunguzwa, hawajamalizwa. Inarudi. Anabadilishiwa vidonge. Anapofika kwa daktari wa moyo, damu ikioteshwa haioti kitu, maana antibiotiki za dukani zimewaficha bakteria bila kuwaua, na daktari analazimika kutibu kwa kubahatisha huku valvu imeshatoboka.

Kwa hiyo, homa ikikupata: usinunue antibiotiki. Pima malaria, maana na wewe unaweza kuugua malaria kama mtu yeyote. Nenda hospitali na useme kwa sauti, "Nina ugonjwa wa valvu," au tundu, "na nilichora tatuu mwezi uliopita." Usione aibu ya tatuu mbele ya baba aliyekusindikiza, mwombe atoke nje kama ni lazima. Omba damu ichukuliwe ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, kwa kawaida mara tatu, kutoka sehemu tofauti. Kisha eko. Dar es Salaam tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na hospitali za kanda nazo zinapima eko. Hospitali ya wilaya ikishindwa, dai barua ya rufaa.

Wenzangu wa maduka ya dawa, najua biashara ni ngumu. Mteja mwenye kovu la upasuaji katikati ya kifua akija na homa, msimuuzie kitu. Mpelekeni hospitali.

Bibi harusi wa Tanga hapa. Nilizibwa tundu la moyo utotoni. Hina na piko vinaruhusiwa?

Hongera. Hina halisi haitoboi ngozi, haina shida na moyo wako. Jipambe mpaka kwenye goti. Piko ni habari nyingine. Ile nyeusi inayokolea kwa dakika chache mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo Ulaya hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Inaweza kukutoa malengelenge, na malengelenge ni kidonda wazi. Ikikupa mzio mara moja, unabaki nao maisha, hata kwa rangi ya nywele. Na ikimezwa ni sumu kali: koo linavimba, misuli na figo zinaharibika, na moyo wenyewe unaweza kupigwa. Usiache kikombe cha piko mahali watoto wanapocheza usiku wa harusi. Watoto wachanga msiwapake hata hina. Wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao pwani si wachache, chembe hizo zinaweza kupasuka wakipakwa.

Mwanangu wa miaka tisa ana ugonjwa wa moyo, anahudhuria kliniki. Mama mkwe anataka achanjwe chale kifuani ili mapigo yatulie. Sitaki kumkosea heshima. Nifanyeje?

Mama, chale ni tatuu yenye hatari zaidi. Wembe, mara nyingine uliotumika kwa mwingine, na unga wa dawa unasuguliwa kwenye jeraha bichi. Kila nililosema hapo juu linamhusu mwanao, ongeza pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa siku saba nje ya mwili kikiwa bado kinaambukiza.

Usibishane na mama mkwe peke yako. Mchukue siku ya kliniki, akae na daktari, aoneshwe moyo wa mjukuu wake kwenye skrini ya eko. Bibi anayeona valvu ikicheza vibaya huuliza maswali mazuri kuliko wengi wetu. Mapigo ya mtoto yakienda mbio, hilo ni la kuwahi hospitali, si la kusubiri mganga.

Na kwa kuwa tumefika kwa watoto: acheni kuwapeleka kukatwa kimeo. Mtoto mwenye kikohozi au koo linalouma anahitaji kupimwa na, kama ni bakteria, kumaliza dozi yake yote. Koo lililopuuzwa kati ya miaka 5 na 15 ndilo linalotuletea valvu kama ya dada wa Mwanza.

Nataka kuchora nyusi saluni, wanapaka ganzi ya krimu. Nina mapigo yasiyo na mpangilio.

Uliza krimu ina nini na kiasi gani. Nyingi zina lidokeni, ambayo ikizidi kwenye damu inavuruga mapigo ya moyo hata kwa mzima. Marekani mwaka 2007 mamlaka ya dawa ilitoa tahadhari baada ya wanawake wawili kufariki. Walipaka krimu ya ganzi miguu yote kisha wakaifunga kwa plastiki. Machi 2024 ikaonya tena, safari hii ikitaja tatuu: krimu zinazouzwa bila cheti cha daktari zisizidi asilimia 4 ya lidokeni. Zingine zina adrenalini, ambayo wewe hupaswi kuipata kabisa. Kopo lisilo na maandishi, ondoka. Wanja unatosha.

Nina betri ya moyo. Naweza kuchora juu ya kovu lake?

Hapana. Ngozi ile ni nyembamba, na maambukizi yakifika kwenye mfuko wa betri, kifaa chote na nyaya zake hutolewa.

Nilichora tatuu zamani, leo nataka kujiunga na polisi na hawapokei wenye michoro. Nina valvu inayovuja kidogo. Kuna mtu Kariakoo anafuta kwa dawa ya kupaka.

Hiyo "dawa" mara nyingi ni tindikali. Itakuunguza, na jeraha la kuungua linalokaa wazi mwezi mzima ni mlango mpana kuliko tatuu yenyewe ilivyokuwa, na kovu litabaki palepale mkaguzi atakapotazama. Mwone daktari wa ngozi kuhusu kufuta kwa mionzi ya leza, umweleze habari ya valvu kabla hajaanza. Inachukua vikao vingi na miezi kadhaa, kwa hiyo tangazo la ajira la mwezi huu huenda likakupita. Tena jeshi la polisi lina uchunguzi wake wa afya. Hiyo valvu inayovuja watoe wao uamuzi wakiwa wanaijua. Usiifiche.