Toa hiyo picha ya pafu jeusi kabla hujaipeleka kwa mchapaji

Usichape. Umeuliza uchague ipi kati ya pafu jeusi na sigara iliyovunjwa kwa kipeperushi cha uchunguzi wa saratani ya mapafu, rangi gani zinavutia, na kama ununue picha au upige mwenyewe. Hilo la kwanza: hakuna hata moja.

Sisi tuliletewa mshauri wa mawasiliano, wa kulipwa vizuri, akatuhakikishia kwamba watu hawaamki mpaka watishwe. Akatutolea pafu lililochanwa katikati, jeusi tii, kando ya pafu la waridi. Maboksi kwa maboksi yakachapwa. Nikawa nagawa mlangoni. Mzee mmoja aliyeacha sigara zamani akakipokea, akakitazama, akakikunja ili pafu liingie ndani, akakikunja tena, kisha akanirudishia mkononi. "Mwanangu, kama nimeshaoza hivi, nikapime nini?" Akaondoka zake. Na yeye ndiye hasa tuliyekuwa tunamtafuta!

Mpaka leo nikimkumbuka yule mshauri damu inachemka. Alichukua kazi ya pakiti ya sigara akaibandika kwenye kazi nyingine kabisa. Picha za kutisha za kwenye pakiti, zile Kanada ilizozitangulia mwaka 2001, zinataka mtu aache kitu. Sisi tunataka mtu aje. Tena aje akiwa mzima, hakohoi, haumwi popote, maana uchunguzi huu ni wa asiye na dalili. Ukimwonyesha pafu lililokufa umemwambia amechelewa, na umemwambia amejitakia. Aibu hiyo wanayo tele. Wapo wanaomficha hata daktari kwamba waliwahi kuvuta. Kwa nini tuwaongezee kwa karatasi ya rangi?

Sigara iliyovunjwa nayo inafukuza. Mwongozo wa Marekani wa 2021 kuhusu uchunguzi huu unawalenga wenye miaka 50 hadi 80 waliovuta sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, wakiwemo walioacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Huyo aliyeacha akiona sigara anadhani hayamhusu, anapita. Kijana anayepuliza moshi ndiyo kabisa usimweke.

Halafu mashine. Picha za kununua zimejaa madaktari wanaoinua eksirei kwenye mwanga, wakati kipimo chenyewe ni CT ya dozi ndogo ya mionzi, yaani mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2011 ulionyesha vifo vya saratani ya mapafu vimepungua kwa asilimia 20 kwa waliopimwa kwa CT, ukilinganisha na waliopimwa kwa eksirei. Kwa hiyo ukiweka eksirei unatangaza kipimo kilichoshindwa. Wengine wanaweka MRI, mashine nyingine ya picha inayotumia sumaku, lile handaki refu, na mwenye hofu ya kufungiwa hatokei tena. CT ni pete pana tu: unalala chali, mikono juu ya kichwa, unabana pumzi sekunde chache, hakuna sindano, unainuka. Piga picha hiyohiyo. Mtu wa miaka sitini hivi, uso wake unaonekana, mhudumu kasimama karibu anazungumza naye.

Na sheria ni hii, ishike hata ukisahau mengine yote: picha haiendi kwa mchapaji kabla haijaonwa na watu inaowaita. Chapa nakala moja, funika maandishi, mpe mtu aliyevuta miaka mingi, umuulize huyu ni nani na anafanya nini. Usimsaidie kujibu. Akisema ni mgonjwa, au ni mtu anayekufa, itupe, hata kama bosi wako ameipenda. Usiwaulize wenzako wa ofisini, maana hao wanajua tayari unachotaka kusema. Mshauri wetu aliwauliza haohao, na wote wakalisifu lile pafu.